Programu moja inavyosoma maandishi ya programu nyingine: kutoka kompyuta ya studio hadi simu yako ya pesa

Kipindi chetu cha jioni kilikuwa kinaelekea mwisho pale alipopiga simu mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha VICOBA. Hakutaka jina lake litajwe hewani, na hapa pia silitaji. Aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa dakika mbili zilizokuwa zimebaki kabla ya taarifa ya habari: "Namba ya siri sijampa mtu, hata mume wangu haijui. Hakuna aliyenipigia akaniomba nimsomee ujumbe. Sasa huyu aliyetoa hela za kikundi ameisomea wapi?"

Nilimwahidi kwamba tutalifuatilia na kuliandika hapa, ili na wengine walisome kwa nafasi yao. Nimekaa na fundi wetu wa studio, nimekaa pia na kijana anayetengeneza simu pale stendi aliyeifungua simu ya mama huyu. Jibu la kifupi ni kwamba namba hiyo ilisomwa kwenye kioo cha simu yake mwenyewe, na aliyeisoma ni programu aliyoipakua yeye. Jibu la kirefu linaanzia kwenye kompyuta, kwa sababu ufundi huu ulizaliwa huko miaka mingi kabla simu janja hazijafika vijijini kwetu, na sisi wenyewe hapa redioni tunautumia kila siku.

Jina la wimbo linafikaje kwenye tovuti

Ukifungua tovuti yetu utaona juu kabisa maneno "Wimbo unaopigwa sasa", kisha jina la wimbo na msanii. Hakuna mtu anayekaa kuyaandika. Kompyuta ya studio ina programu ya kupanga na kurusha nyimbo. Kwenye dirisha lake kuna jina la wimbo, sekunde zilizobaki, na kinachofuata. Programu hiyo ni ya zamani na walioitengeneza hawakuweka njia ya kuitoa taarifa hiyo nje. Inaonekana kwenye skrini, mtangazaji anaisoma kwa macho, basi.

Na sisi tuliihitaji sehemu mbili. Ya kwanza ni tovuti. Ya pili ni zile redio za magari zenye kioo kidogo, ambazo hupokea maandishi pamoja na sauti kwa mfumo unaoitwa RDS. Mfumo huo una nafasi ya herufi 8 kwa jina la kituo, na nafasi nyingine ya hadi herufi 64 kwa maneno ya ziada kama jina la wimbo. Dereva wa lori akipita barabara kuu anaona kwenye kioo chake nani anaimba.

Fundi wetu alitumia AutoIt. Hii ni programu ya bure ya Windows iliyoanza mwaka 1999, ambayo kazi yake ni kuifanyia kompyuta zile kazi za kujirudia: kubonyeza vitufe, kujaza visanduku, kufungua na kufunga madirisha, na kusoma kilichoandikwa ndani yake. Ndugu yake AutoHotkey alikuja mwaka 2003. Unaandika maagizo mistari michache kwenye faili, hiyo ndiyo skripti, na kompyuta inayafuata bila kuchoka wala kwenda chai.

Mwanzoni tulijaribu njia ya kienyeji. Skripti ililileta mbele dirisha la nyimbo, ikabonyeza Ctrl na A kuchagua maandishi yote, ikabonyeza Ctrl na C kuyanakili, halafu ikayabandika kwenye faili letu. Ilifanya kazi vizuri mpaka pale mtu alipokaa kwenye kompyuta hiyohiyo. Siku moja nilikuwa naandika bei za mahindi za soko la wiki, nimefika katikati ya sentensi, dirisha la nyimbo likaruka mbele na vidole vyangu vikaendelea kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia nyimbo. Nilipobonyeza Enter, programu ikaanza kutafuta wimbo unaoitwa "gunia la debe sita". Njia hiyo tukaiacha.

Njia sahihi haihitaji dirisha liletwe mbele. Macho yetu huliona dirisha la kompyuta kama picha moja, lakini kwa Windows dirisha ni nyumba yenye vyumba. Kila kitufe ni kipande chake, kila kisanduku cha kuandikia ni kipande, kila mstari wa maelezo ni kipande, na kila kimoja kina namba yake ya utambulisho. Programu nyingine inaweza kutuma ujumbe kwa kipande fulani ikisema: nipe maandishi uliyonayo. Ujumbe huo una jina la kifundi, WM_GETTEXT. Kipande kikiupokea kinajibu, hata kama dirisha lake limefunikwa na madirisha mengine kumi. Skripti yetu yote ni hii:

While 1
$wimbo = ControlGetText("Ratiba ya Hewani", "", "Static3")
FileDelete("C:\redio\sasa.txt")
FileWrite("C:\redio\sasa.txt", $wimbo)
Sleep(5000)
WEnd

Mstari wa kwanza na wa mwisho vinasema "rudia daima". Wa pili unalitafuta dirisha ambalo kichwa chake kinaanza na maneno "Ratiba ya Hewani", unaingia kwenye kipande kinachoitwa Static3, na kuchukua kilichoandikwa humo. Kujua kwamba jina la wimbo linakaa kwenye Static3 kuna kifaa kidogo kinachokuja na AutoIt: unakisogeza juu ya dirisha na kinakutajia jina la kila kipande unachopitia. Mstari wa tatu unafuta faili la zamani, kwa sababu usipolifuta jina jipya litaandikwa mwishoni mwa majina ya zamani na jioni utakuwa na orodha ya nyimbo za kutwa nzima. Halafu skripti inaandika, inapumzika milisekunde 5,000, yaani sekunde tano, na kuanza tena.

Ukipenda kuchukua maandishi yote ya dirisha kwa mpigo, kuna agizo la WinGetText. Hilo huzoa kila kitu, pamoja na majina ya vitufe, na kukuachia wewe kazi ya kuchambua pumba na mchele.

Siku skripti ilipotuaibisha

Hili nalisimulia kwa sababu linaonyesha vizuri kitu hiki kinavyofanya kazi. Programu yetu ya nyimbo iliboreshwa usiku, ikaja na toleo jipya. Kwa macho dirisha lilikuwa lilelile. Kwa ndani vipande vilikuwa vimepangwa upya, na Static3 sasa ilikuwa ni jina la tangazo linalofuata. Asubuhi ni wakati wetu wa kusoma tanzia. Kwa karibu saa nzima tovuti ilikuwa imeandika: Wimbo unaopigwa sasa, halafu neno "Tanzia" na jina la marehemu.

Mtoto wa marehemu alitupigia kutoka mkoani alikokuwa anasafiri kuja mazishini. Alikuwa ameiona kwenye simu yake ndani ya basi. Hakufoka, aliuliza tu kama ndivyo tunavyofanya. Nilimwomba radhi, na jioni tukaomba radhi hewani bila kurudia jina. Siku hiyo fundi aliongeza mistari miwili ya kuhakiki: kama maandishi yaliyosomwa hayana alama ya kistari inayotenganisha msanii na wimbo, usiandike chochote.

Skripti haijui wimbo wala msiba. Inajua kipande chenye jina fulani, na itachota chochote kitakachowekwa humo. Kumbuka hilo tukifika kwenye simu.

Pale mlango unapokuwa umefungwa

Si kila dirisha linakubali kuulizwa. Programu nyingi, hasa michezo na zile zinazojichorea kila kitu zenyewe, hazina vipande vinavyotambuliwa na Windows. Kwa macho unaona maandishi, lakini skripti ikiuliza inapata patupu. Hapo watu hutumia njia ya kupiga picha ya skrini na kuipitisha kwenye programu inayotambua herufi ndani ya picha. Ya bure inayojulikana zaidi ni Tesseract, ambayo ilianzia katika kampuni ya HP miaka ya 1980 na kuachiwa kwa umma mwaka 2005. Ni njia yenye makosa. Herufi O inageuka sifuri, na herufi ndogo ya l inageuka moja.

Na kuna kisanduku kimoja kilichowekewa kufuli maalumu: cha nywila, kile kinachoonyesha vidoti. Zamani hata hicho kilikuwa kinajibu kikiulizwa. Kulikuwa na vijiprogramu ambavyo ukivielekeza kwenye vidoti vinakuonyesha neno lenyewe. Kuanzia Windows 2000, Microsoft walizuia programu moja kuchota nywila kwenye kisanduku cha programu nyingine.

Kufuli hilo lina maana kwa habari yetu. Walioibuni Windows hapo zamani waliona programu zote zilizo kwenye kompyuta moja kama watu wa nyumba moja, ambao hawafichani. Waliotengeneza Android waliona tofauti. Kwenye simu ya Android kila programu imepewa chumba chake na ufunguo wake. Programu ya tochi haiwezi kuiuliza programu ya benki "nipe maandishi uliyonayo". Ikijaribu hakuna anayeisikia. Ungetegemea basi kwamba habari iishie hapa, na mama wa VICOBA awe salama.

Mlango uliofunguliwa kwa nia njema

Nina msikilizaji mzee mmoja ambaye haoni kabisa tangu utotoni. Hunitumia ujumbe wa maandishi kila Ijumaa, umepangwa vizuri kuliko wa vijana wengi wenye macho. Siku ya kwanza nilidhani anaandikiwa na mjukuu. Nilipompigia, nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kucheka. "Mwanangu, simu inanisomea," akasema. Akagusa kioo nisikie, na kweli sauti ya Kiswahili ikasema jina la programu, ikasema "ujumbe mpya", ikausoma.

Simu yake inatumia TalkBack, kisoma skrini kinachotoka Google. Visoma skrini vilianza kwenye kompyuta. Microsoft walitoa mwaka 1997 utaratibu rasmi wa programu kujieleza kwa programu nyingine kwa ajili ya watu wasioona, na mwaka 2006 ukaanza mradi wa NVDA, kisoma skrini cha Windows ambacho ni cha bure hadi leo. Android nayo ilipata TalkBack mwaka 2009.

Fikiria kazi yake. Ili imsomee mzee ujumbe, TalkBack ni lazima ione kilichoandikwa ndani ya dirisha la programu ya ujumbe. Ili imsomee salio, ni lazima ione dirisha la pesa. Ili abonyeze kitufe asichokiona, ni lazima iweze kubonyeza kwa niaba yake. Kwa hiyo Android, pamoja na kuta zake zote, iliacha mlango mmoja unaopita vyumba vyote. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili mlango huo unaitwa Zana za Ufikivu, na simu ikiwa kwa Kiingereza utauona umeandikwa Accessibility. Programu iliyopewa ruhusa hiyo hupelekewa taarifa kila dirisha linapobadilika, pamoja na orodha ya vipande vilivyomo: hiki ni kitufe, kimeandikwa hivi, hiki ni kisanduku, ndani yake kuna maneno haya. Ni kama ile skripti yetu ya studio, ila hii inasikiliza simu nzima na ina mikono ya kubonyeza.

Mlango huo hautumiwi na wasioona peke yao. Programu za kutunza nywila huupitia ili zikujazie visanduku. Zipo pia programu za kupanga kazi za simu zijifanye zenyewe, kama Tasker na MacroDroid, ambazo ni binamu za AutoIt. Kuna kijana muuza pembejeo namfahamu aliyepanga simu yake ya duka ichukue jina na kiasi kila malipo yanapoingia, iviandike kwenye jedwali lake. Anafunga hesabu za siku kwa dakika kumi. Ni simu yake, ni taarifa zake, hakuna anayedhulumiwa.

Kilichompata mama wa VICOBA

Sasa turudi kwa mama. Kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa kata yao kulikuja kiunganishi cha programu ya mikopo ya haraka. Haikutoka Play Store. Ukibofya inashuka faili lenye jina linaloishia na apk. Aliipakua. Ilipofunguka ilimwambia kwamba ili mkopo uhakikiwe, aende kwenye Mipangilio aiwashe kwenye Zana za Ufikivu, na ikamwonyesha kwa picha wapi pa kubonyeza. Simu ilimtolea onyo kwamba programu hii itaweza kuangalia na kudhibiti skrini yake. Onyo lilikuwa kwa Kiingereza. Akabonyeza ruhusu.

Mkopo haukuja, na ile programu ikatoweka kwenye orodha ya picha za programu. Akadhani imejifuta. Jumapili baada ya kikao cha kikundi alipiga namba ya menyu ya pesa kuangalia salio, akaweka namba yake ya siri.

Hapa ndipo nilipomwelewa kijana wa stendi. Ukipiga menyu ya pesa kwa nyota na alama ya reli, kile kisanduku kinachotokea kwenye simu nyingi hakifichi namba ya siri kwa vidoti. Jaribu sasa hivi na simu yako: tarakimu zinaonekana wazi. Kwa simu, hicho ni kisanduku cha maandishi kama kingine chochote. Programu yenye ruhusa ya ufikivu inasoma maneno "Ingiza namba ya siri", inasoma tarakimu nne zilizowekwa chini yake, na kazi imekwisha.

Baada ya hapo haikuhitaji kumpigia mtu simu kumlaghai. Ujumbe wa kutolewa kwa shilingi 640,000 uliingia saa nane usiku, simu ikiwa juu ya kabati. Simu yake haikuwa na namba ya kufungulia skrini. Programu ile ilikuwa na uwezo wa kujibonyezea "Ruhusu" pale simu ilipouliza kama inaweza kupiga namba, kuijaza menyu hatua kwa hatua, na kuweka namba ya siri iliyokwisha kuisoma.

Mbinu hii imeandikwa sana na watafiti wa usalama duniani. Mwaka 2020 walieleza juu ya kirusi cha benki kinachoitwa Cerberus ambacho, kwa kupitia mlango huuhuu, kilikuwa kinaweza kusoma hata zile namba za mara moja zinazotokea kwenye programu ya Google ya kuthibitisha. Mwaka huohuo kiligunduliwa kingine kilichoitwa EventBot, chenye tabia hiyohiyo. Kwa hiyo mama wa kijijini kwetu alikutana na kitu kilekile kilichowasumbua wateja wa mabenki ya Ulaya. Mimi simwoni kama mjinga. Alisoma alichoweza kukisoma, na onyo la maana kuliko yote aliwekewa kwa lugha asiyoitumia.

Google nao hawakukaa kimya. Tangu 2017 walianza kuwabana watengenezaji walioko Play Store waeleze kwa nini wanataka ruhusa hii. Kwenye Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu uliyoipakua nje ya Play Store ikiomba kuwashwa kwenye Zana za Ufikivu simu inakataa kwanza na kusema mpangilio huo umezuiwa. Ila kizuizi hicho kinaweza kufunguliwa na mwenye simu, kwa kuingia kwenye maelezo ya programu na kubonyeza vidoti vitatu vya juu pembeni. Ukimwona mtu kwenye simu anakuelekeza ufike kwenye vidoti hivyo vitatu, kata simu. Isitoshe, simu zenye Android za kabla ya hapo hazina kizuizi hicho.

Wenye iPhone wao hawana mlango huu kwa programu za kupakua. Kisoma skrini chao ni cha Apple mwenyewe. Na wenye kitochi wako salama kabisa kwa hili, maana hakuna programu ya kuwekwa humo.

Namna ya kukagua simu yako

Fungua Mipangilio, shuka hadi Zana za Ufikivu, kisha tafuta sehemu ya programu zilizopakuliwa. Kwenye baadhi ya simu sehemu hiyo huitwa programu zilizosakinishwa. Kila jina utakaloliona hapo lina maneno "imewashwa" au "imezimwa" chini yake. Jiulize: hii niliiwasha mimi, na kwa kazi gani? Programu ya mkopo, ya tochi, ya kuongeza chaji, ya kutazama mpira, hakuna hata moja kati ya hizo yenye sababu ya kuwa pale. Zima, kisha iondoe kwenye simu. Ukimaliza, angalia pia orodha ya programu zenye ruhusa ya kusoma arifa, kwa sababu ujumbe wa pesa unaotokea juu ya skrini unasomeka kwa njia hiyo.

Inawezekana ukajaribu kuizima na ukurasa ukajifunga wenyewe, ukiufungua unajifunga tena. Hiyo ni programu inayojilinda kwa kubonyeza kitufe cha kurudi kabla yako. Usishindane nayo. Bonyeza kitufe cha kuzimia simu, kisha neno la kuzima likitokea lishikilie kwa muda mrefu mpaka simu iulize kama unataka kuwaka kwa hali salama. Katika hali hiyo programu ulizopakua hulala zote, na unaweza kuiondoa kwa utulivu. Kwenye simu nyingine hatua hiyo hufanywa kwa vitufe tofauti. Fundi wa karibu ataijua. Ikishindikana kabisa, hamisha picha zako na uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani.

Lakini kama unahisi namba ya siri imeshasomwa, kabla hujagusa chochote kati ya hivyo chomoa laini. Iweke kwenye kitochi, cha jirani au cha mtoto, piga menyu ya pesa kutoka humo na ubadilishe namba ya siri. Ukiibadilisha kwenye simu ileile, mwizi atasoma na mpya. Kisha pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako wasimamishe akaunti, nenda polisi uandikishe na upewe namba ya RB, kwa sababu bila hiyo mtandao hautakupa maelezo ya pesa ilikoenda. Namba iliyopokea pesa iripoti kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeiweka kwa ajili ya namba za matapeli.

Kisheria, anayeingia kwenye simu au kompyuta ya mtu bila idhini anakabiliwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Anayekusanya taarifa zako kwa hila anagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wasikilizaji wetu wa ng'ambo ya mpaka, Kenya mnayo ya makosa ya kompyuta ya 2018 na ya ulinzi wa data ya 2019. Skripti ya studio na jedwali la muuza pembejeo haziingii huko, kwa sababu anayesoma ndiye mwenye dirisha.

Mama wa VICOBA ana RB, na shauri lake liko polisi. Kikundi kimechanga kikanunua kitochi, kinakaa na laini ya kikundi ndani ya lile sanduku la kufuli tatu, na simu yake janja imebaki ya WhatsApp na picha za wajukuu.

Jambo la mwisho. Tulipoyazungumza haya hewani, yule mzee wangu asiyeona alinipigia siku hiyohiyo, sauti ina wasiwasi. Mjukuu wake alikuwa amesikia kipindi, akachukua simu akakuta TalkBack imewashwa kwenye Zana za Ufikivu, akaizima ili kumlinda babu. Mzee akakaa tangu asubuhi na simu isiyosema. Nilizungumza na kijana, nikamweleza kwamba TalkBack ni ya Google na haimo kwenye kundi la zile programu zinazoletwa na viunganishi vya WhatsApp. Kwenye simu nyingi unaweza kuiwasha tena kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde kadhaa. Alivishikilia nikiwa bado hewani naye, na nikaisikia simu ikianza kusoma.